Mkurugenzi yuko Nairobi

Nimekuwa kimya kidogo. Kazi zilibanana, na joto la kaskazi halina huruma kwa mtu anayeshinda na kompyuta mbili chini ya paa la mabati. Leo naweka programu na seva kando. Wiki iliyopita kijana mmoja anayesoma chuo pale Kilifi, ambaye anataka kuanza kazi ya kutengeneza tovuti, aliniandikia kwenye WhatsApp: "Kaka, nijitambulishe vipi ili wateja waniamini?" Akaniambia ameshaanza kuandika ukurasa wake, na kila mahali ametumia "sisi". Sisi tuna uzoefu, sisi tuna timu, sisi tunahudumia Afrika Mashariki yote.

Nilicheka. Kisha kicheko kikakatika, maana yote hayo nimeyafanya mimi, na bei yake naijua. Nikamjibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja. Haya mnayosoma ni ujumbe ule ule, umepunguzwa vikohozi na kelele za tuktuk.

Wanaouza kozi siku hizi huliita jambo hili "chapa binafsi". Mimi naona neno letu la zamani linatosha: jina. Mtu hujitengenezea jina, na mtu huharibikiwa na jina. Swali ni unalitengeneza kwa nini.

Nilirudi Malindi mwaka 2016 nikitokea Mombasa, na laptopu moja na deni moja. Ofisi yangu ilikuwa meza nyuma ya duka la M-Pesa la binamu yangu, mtaa wa Maweni. Mvua ikinyesha tulikuwa tunasogeza meza. Lakini ungefungua tovuti yangu usingejua hayo. Biashara ilikuwa na jina la Kiingereza la maneno matatu, na moja kati ya hayo lilimaanisha dunia nzima. (Dunia nzima! Mteja wangu wa mbali kabisa wakati huo alikuwa Mambrui.) Ukurasa wa "Kuhusu sisi" ulisema tuna timu ya wataalamu, ofisi Nairobi na Malindi, na uzoefu wa miaka kumi. Juu yake kulikuwa na picha ya watu sita wenye suti wamezunguka kompyuta wakicheka. Niliitoa kwenye tovuti ya picha za bure. Kati ya wale sita sidhani kuna hata mmoja aliyewahi kula mahamri.

Na jina langu halikuwepo popote. Nina jina la Kigiriama, moja katika yale ambayo ukilitaja tu pale Mombasa mtu anakuuliza, "Wewe ni wa Kilifi au wa Malindi?" Nilikuwa nimeshaona nyuso zinavyobadilika. Niliamini kabisa kwamba mwenye hoteli akiliona jina lile atafikiri ni la mtu wa kufyeka bustani, hatampa pesa za kutengeneza mfumo wa kompyuta. Sikuwa nadanganya kwa sababu ya ujanja. Niliogopa. Nasema hivi kwa sababu nadhani wengi wanaoandika "sisi" wakiwa peke yao nao wanaogopa, na kumwambia mtu mwenye hofu "kuwa wewe mwenyewe" ni kama kumwambia mwenye homa apoe.

Uongo ule ulifanya kazi, hilo nisilifiche. Mwaka 2018 mama mmoja mwenye nyumba ya wageni upande wa Watamu, vyumba saba na bwawa dogo, aliniandikia barua pepe kupitia tovuti. Alitaka mfumo wa wageni kuhifadhi vyumba wenyewe. Tuliandikiana siku tatu. Siku ya nne, bila taarifa, akapanda matatu, akabadilisha pale Gede, akaja mpaka Maweni akiulizia ofisi. Binamu yangu akamleta nyuma.

Alinitazama, akatazama meza. "Kijana, mkurugenzi yuko wapi?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikajibu: "Mkurugenzi yuko Nairobi, mama."

Kuanzia siku ile nikawa watu wawili. Mchana nilikuwa kijana wa ofisi ya Malindi, ninayekwenda Watamu kupiga picha za vyumba na kumfundisha mama kutumia mfumo. Usiku nilikuwa mkurugenzi, ninayemwandikia barua pepe za Kiingereza kizito na kuahidi "kulifuatilia suala na timu". Mara moja mama alinilalamikia mimi kwa mkurugenzi. Alisema kijana ni mzuri lakini huchelewa. Mkurugenzi alimwahidi kwamba atazungumza naye.

Mnaweza kucheka, hata mimi hucheka nikifika hapo. Sasa sikilizeni kilichofuata.

Vyumba vile vilikuwa vikiuzwa sehemu mbili: kwenye tovuti ya mama mwenyewe, na kwenye tovuti moja kubwa ya kimataifa ya kukodi nyumba. Ili chumba kimoja kisiuzwe mara mbili, niliandika programu ndogo iliyosoma kalenda zote mbili kila baada ya dakika 15 na kuzilinganisha. Kazi rahisi. Ila tovuti ya mama ilitumia cheti cha usalama cha bure, na vyeti vile wakati ule vilidumu siku 90. Unatakiwa uiweke seva ijihuishie cheti yenyewe. Mimi nilikuwa nakihuisha kwa mkono, nikijiambia kila mara kwamba wiki ijayo nitaweka utaratibu. Mwezi Desemba cheti kikaisha muda. Tovuti kubwa ikakataa kuisoma kalenda yetu, na hakuna aliyepiga kengele, kwa sababu kengele nayo sikuwa nimeiandika.

Wiki hiyo hiyo babu yangu alifariki. Mzaa baba, ambaye jina lake ndilo nililopewa mimi. Nikaenda nyumbani, mbele ya Marafa, kwenye hanga, kama tunavyoita matanga kwetu. Kule wakati ule mtandao ulipatikana ukienda kusimama chini ya mbuyu mmoja na kuinua simu, na mjukuu mwenye jina la marehemu hatoki katikati ya wazee kwenda kuinua simu chini ya mbuyu. Nilikaa siku nne.

Niliporudi Malindi simu ilitetemeka mpaka nikadhani imeharibika. Familia mbili zilikuwa zimefika tarehe 30 Desemba kwa vyumba vile vile, moja kutoka Nairobi, moja kutoka Italia, na pwani nzima imejaa kama inavyojaa kila mwisho wa mwaka. Mama alikuwa amewapa wageni chumba chake mwenyewe, akaenda kulala kwa dada yake. Wengine aliwalipia nyumba ya jirani kwa bei ya mwaka mpya. Barua pepe kwa mkurugenzi zilikuwa kumi na nne. Nimezihifadhi. Ya kwanza imeandikwa kwa adabu sana.

Nilikwenda Watamu siku ile ile. Nikamwambia yote: hakuna mkurugenzi, hakuna Nairobi, hakuna timu, nilikuwa hangani namzika babu. Nilitegemea matusi. Mama alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema: "Mwanangu, ungeniambia ni wewe peke yako na umefiwa, ningechukua kalamu na daftari nikaandika wageni kwa mkono. Ningekuja na hiyo hanga pia. Lakini mimi nilikuwa nasubiri watu wa Nairobi."

Neno hilo limekaa na mimi zaidi ya hasara yenyewe, na hasara haikuwa ndogo. Nilimlipa kidogo kidogo hadi katikati ya 2019. Hapa pwani hakuna mtu atakayekulaumu kwa kwenda kuzika. Unafunga duka, unaandika karatasi mlangoni, watu wanaelewa. Lakini kampuni yenye timu ya wataalamu haifiwi. Nilikuwa nimejivika ukubwa, na mkubwa haugui malaria, hasafiri kwenda kijijini, hakosi mtandao. Niliuza haki yangu ya kuwa mtu ili nionekane kampuni, na sikujua mpaka siku nilipoihitaji.

Sasa hapa kuna jambo linalohitaji kuangaliwa vizuri, maana wengi huchanganya. Nina rafiki tuliyekua naye pamoja, ambaye huongoza watalii baharini. Wanaoijua Malindi wanajua habari ya Waitaliano. Tangu miaka ya 1960, mradi wa anga wa San Marco ulipoanza kule Ngomeni, wamekuwa sehemu ya mji, na kwa miaka mingi watoto wa mitaani walimsalimu mzungu yeyote kwa "Ciao!" hata kama ametoka Uholanzi. Vijana wa ufukweni hujifunza Kiitaliano kwa sikio tu, bila darasa. Na wengi hujipa majina: ya wachezaji mpira, ya waimbaji, ya wachekeshaji wa televisheni ya Italia. Rafiki yangu naye anajiita jina la mshambuliaji mmoja wa zamani. Hana hata mguu wa kushoto.

Nilimwambia, kwa uchungu wangu wa wakati ule, kwamba mimi na yeye ni waongo sawa. Alikataa kabisa. "Jina nimewapa ili ulimi wao usipate shida," akasema. "Lakini nikisema boti ya kioo inaondoka saa tatu, inaondoka saa tatu. Na nikisema leo bahari ni chafu, ni chafu."

Hilo la bahari si dogo. Mto Sabaki, ambao huko juu unaitwa Athi na kisha Galana, humwaga maji yake baharini kaskazini ya mji. Mvua ikinyesha bara unakuja na udongo mwekundu, na upepo wa kaskazi unapovuma mkondo huusukuma udongo ule upande wa Malindi. Kuna siku bahari mbele ya mji ina rangi ya chai ya maziwa. Fungua tovuti za nyumba za wageni uone: bahari ya samawati, Januari hadi Desemba. Rafiki yangu kila asubuhi hupiga picha ya maji na kuwatumia wateja wake kama yalivyo, kisha anawaambia, leo twendeni hifadhi ya bahari, au leo hapana, nendeni Gede mkatazame magofu. Hapo hupoteza pesa ya siku. Lakini kuna familia zimekuja mwaka baada ya mwaka zikimuulizia yeye, na jina lake la kweli wanalijua siku nyingi, maana wamekula kwake.

Basi ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa naangalia mahali pasipo. Mshairi hujipa lakabu, mwanamuziki hujipa jina la jukwaani, na hakuna aliyeibiwa. Mimi sikukosea kwa kujipa jina la Kiingereza. Nilikosea kwa sababu ya timu, ofisi na miaka kumi: vitu ambavyo mteja alivitegemea, na siku alipovinyooshea mkono havikuwepo. Mnajua vile vinyago vya mti mweupe vinavyopakwa rangi ya viatu vikauzwa kama mpingo? Kinyago kinaweza kuwa kimechongwa vizuri kabisa. Mchongaji akisema tu ni mti mweupe kitanunuliwa, kwa bei yake. Shida inaanza mgeni anapofika kwake na kukifuta vumbi kwa kitambaa chenye maji.

Kwa upande wa pili, lile jina langu nilikuwa nimeliogopa bure. Hebu fikirini. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco, baharini hapo karibu na Ngomeni, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kutafuta miale ya eksirei angani, ya kwanza duniani kujengwa kwa kazi hiyo peke yake. Kwenye makaratasi ilikuwa na jina la kiofisi, herufi tu. Lakini kwa sababu siku ile Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya kujitawala, ikaitwa Uhuru. (Siyo rais wa zamani, yeye alikuwa bado mtoto wa shule.) Orodha yake ya nne, iliyotoka mwaka 1978, ina vyanzo 339 vya miale hiyo, na mpaka leo wanaastronomia huandika majina ya baadhi ya vyanzo vile kwa kuanza na 4U, na hiyo U ni ya Uhuru. M-Pesa nayo, iliyoanza Machi 2007, haikutafutiwa neno la Kiingereza la fedha. Ushahidi, programu iliyotengenezwa mwaka 2008 kuonyesha kwenye ramani ghasia za baada ya uchaguzi, ilitumika nchi nyingi ambazo hawajui Kiswahili hata salamu. Kama wataalamu wa nyota wameweza kutamka Uhuru, mwenye hoteli ya Casuarina ataweza kutamka jina la babu yangu.

Nilibadilisha nini? Kwanza picha. Niliwachukua wale watu sita wa suti nikaiuliza Google wametoka wapi (huduma hiyo ya kutafuta kwa picha ipo tangu 2011, na mteja yeyote anaweza kuitumia). Kumbe watu wangu walikuwa pia waajiriwa wa daktari wa meno, kampuni ya bima, na chuo kimoja cha ualimu. Nikawafukuza kazi wote. Sasa kuna picha yangu na meza yangu, na duka la M-Pesa linaonekana kidogo upande wa kulia. Pili, "miaka kumi" ilifutwa. Tarehe ya kusajiliwa kwa jina la tovuti mara nyingi huonekana na mtu yeyote anayejua pa kuangalia, na yangu ilikuwa na miezi minane siku nilipojipa muongo mzima. Tatu, nilisajili jina langu, la babu, kwenye .co.ke. Nne, na hii ndiyo iliyonichukua muda kuiandika, kuna sentensi hii juu kabisa: "Nafanya kazi peke yangu. Nikiwa safarini au nikifiwa, nitaandika hapa, na namba ya fundi mwenzangu atakayenishikia itakuwa chini yake." Fundi huyo yupo kweli, yuko Kilifi mjini, na mimi humshikia zake. Na ndiyo, cheti sasa kinajihuisha chenyewe.

Msidhani baada ya hapo milango ilifunguka. Hoteli moja kubwa ilisoma "peke yangu" ikaondoka bila kuaga, na kwa upande wao walikuwa sahihi, maana kazi yao ilihitaji watu wanne. Methali inasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Naiheshimu, lakini aliyeitunga hakuwahi kuwa ukurasa wa tisa wa Google. Kizuri nacho siku hizi lazima kitembezwe, na kutembeza kunachosha.

Kuna pia ugonjwa mpya upande wa pili, wa watu wanaouza ukweli wenyewe. Wanalia mbele ya kamera, wanasimulia madeni na talaka, mwisho wanakuuzia kozi. Sijasema mwanike kila kitu. Wateja wangu hawajui mshahara wangu wala ugomvi wa shamba letu, na hawana haja. Picha za wageni wa watu siziweki bila ruhusa yao. Hilo tangu Sheria ya Kulinda Data ya 2019 si adabu tu. Na sasa akili bandia inaweza kukutengenezea kwa dakika moja timu ya watu sita ambao hawakuwahi kuzaliwa, hata ukiwauliza Google haiwajui, pamoja na sifa kumi na mbili za wateja waliofurahi. Yule kijana wa Kilifi alikuwa ameshaitengeneza. Mmoja wa "wafanyakazi" wake alikuwa na vidole sita.

Ameniambia ataifuta. Hakusema lini, nami sikumbana. Nilikaa na mkurugenzi wangu miaka miwili na zaidi, namjua ugumu wake wa kuondoka.

Mwaka jana shangazi yangu alifariki, nikaandika ile sentensi kwenye ukurasa, nikaweka namba ya mwenzangu, nikaenda Marafa. Kule chini ya mbuyu nilikuta wateja watatu wametuma rambirambi kwa M-Pesa. Mmoja wao alikuwa bado hajanilipa kazi ya mwezi uliopita, lakini tuyaache hayo.

Mama wa Watamu hakurudi. Nyumba yake bado ina tovuti, iliyotengenezwa na mtu mwingine, na mara moja moja hupita kuiangalia. Kalenda yake inafanya kazi vizuri.